Betri mpya za Festo, na ukuta ulionikalia kwenye mteremko wa kwenda ziwani

Wakuu, salaam kutoka Mbinga.

Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo anayetaka kunisahihisha maandishi asubiri nimalize. Haya yamenikuta mwenyewe, na ushahidi natembea nao: mguu wa kushoto, mfupi kuliko mwenzake.

Nilikuwa kibarua kwenye mtaro wa faiba, hii ya intaneti, inayoshuka kutoka Mbinga kwenda ziwani. Kwenye mteremko mmoja mtaro unapita chini ya ukuta wa mawe unaozuia kilima kisimwagikie barabarani. Ukuta ulikuwa na ufa.

Fundi wa mtandao, dada Rehema, aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, akauona. Akachomoa unywele mmoja wa kioo ndani ya faiba (humo ndani ni kioo, mwanga ndio unabeba meseji zenu), akaugandisha kwa gundi ukakatiza ufa.

"Kaka Festo," akamwambia msimamizi wetu, "kila asubuhi mulika katochi haka kekundu ncha hii, tazama ncha ile. Ukiona nukta, fanyeni kazi. Usipoiona, ufa umetembea, unywele umekatika. Mtu asiingie."

Tulicheka sana. Ukuta mzima unapimwa kwa unywele.

Siku za kwanza nukta ilionekana. Asubuhi moja haikuonekana.

Festo akakapigapiga katochi kwenye paja, akasema betri zimekufa. Akaagiza mpya dukani. Akamulika tena. Giza.

"Betri za siku hizi feki tupu," akasema.

Nikamwambia, "Bosi, mulika kiganjani." Akamulika, doa jekundu likatua pale kiganjani, wote tukaliona.

"Basi kuwa injinia wewe, mzee," akanijibu. Watu wakacheka. Tukaingia mtaroni.

Jumapili iliyofuata wenzangu wako kanisani, Festo akanituma peke yangu nikafukie kipande kilichobaki, maana wakubwa wanakuja Jumatatu. Nikaenda. Watoto wangu wanakula hata Jumapili.

Ukuta haukupiga kelele. Ulikaa chini tu kama mtu aliyechoka, na mimi nikiwa chini yake. Kichwa kilipata nafasi kati ya mawe. Mguu nilijua umeshakwenda.

Bodaboda walipita juu, wakaona kifusi, wakakikwepa. Aliyejua nipo pale ni Festo tu, na Festo alikuwa mjini anakunywa soda baada ya misa.

Niliokolewa si kwa sababu nilikumbukwa. Mawe yalikata faiba, nayo ilikuwa imeshawashwa, maofisi ya ziwani yakakosa mtandao. Hapo ndipo dunia ikaamka.

Rehema alichomeka mashine yake kule Mbinga. Inatuma mwanga ndani ya faiba. Ukifika palipokatika unarudi, mashine inasema ni umbali gani. Ikasema: pale ukutani.

Nikasikia gari, kisha sauti ya Festo: "Tuunge waya kwanza, nimepigiwa simu mpaka sikio linauma."

"Kaka Festo, gambuti lile la nani?" Rehema huyo.

"La zamani hilo. Leo Jumapili, hakuna mtu."

Gambuti la zamani likakohoa.

Rehema alichimba kwa mikono, nimpe haki yake. Festo alishika simu. Waya uliungwa siku ile ile, mkaendelea kutumiana picha. Mguu wangu uliungwa baadaye sana, na hivyo hivyo tu, ukabaki mfupi.

Ofisini Festo kaeleza kwamba niliingia bila ruhusa. Sasa anasimamia kipande kingine, kule Mbamba Bay. Nasikia huko nako kuna ukuta wenye ufa, na kakabidhiwa katochi.

Nilichojifunza: ukimulika usione kitu, usibadili betri, ondoka. Na mtandao ukikatika huku kwetu, kabla hamjaanza kutukana, ulizeni kama kuna mtu chini ya kifusi. Waya una mashine ya kuutafuta. Kibarua hana.

Mlioko kwenye mtaro wa Festo, mniandikie hapa chini, hata neno moja: leo asubuhi nukta imeonekana?