Mikono Miwili ya Kushoto

Mdogo wangu tulimbandika jina la Milimita kwa sababu hakuwahi kukosea kipimo. Tunafanya kazi chumba kimoja: yeye anakata na kushona, mimi napinda pindo na kutia vifungo. Sasa niambie, fundi wa namna hiyo anakataje mikono miwili ya koti, yote ya kushoto?

Kitambaa kilikuwa kidogo, hakikutosha kukunjwa mara mbili. Alipaswa akate mkono mmoja, kisha aigeuze karatasi ya kipimo akate wa pili. Hakuigeuza. Alipoona alichofanya, alikaa chini sakafuni, mkasi mkononi. Koti lenyewe lilikuwa la Mwalimu, mama wa mtaa wa pili, na nusu ya malipo alishatoa.

Nilijua kinachomsumbua. Alikopa akanunua cherehani ya umeme, cherehani hiyohiyo ikawa dhamana, na marejesho ya miezi miwili hakuwa amelipa. Simu ikilia, anaruka. Wifi yangu alisema mumewe halali usiku, anakodolea dari macho tu. Wanawe, ambao hakuwahi kuwapandishia sauti, sasa wanamkwepa. Na ukimuuliza? "Kichwa tu, dada." Kichwa! Alimeza vidonge vya maumivu mpaka muuza dawa akawa kama ndugu.

Niseme ukweli, alinikera. Mwalimu akitokea upande wa pili wa barabara, Milimita anajibanza nyuma ya rundo la nguo, mtu mzima na ndevu zake, huku mimi nimejiandaa kudanganya kwamba fundi katoka. Nilichoka.

Halafu asubuhi moja akasema, bila kuinua kichwa, "Bora ningelala nisiamke." Hasira ikanikauka, nikaogopa. Nilichomoa pasi, nikafunga mlango. "Inuka. Twende."

Kituo cha afya, muuguzi alimpima presha. Milimita akaanza wimbo wake wa kichwa, nikamkatiza, nikarudia neno kwa neno alichoniambia asubuhi ile. Muuguzi hakushtuka. Alimuuliza taratibu kama amewahi kufikiria kujidhuru, akamsikiliza, kisha akatupeleka mwenyewe hadi chumba cha mwisho. Mshauri nasaha yupo Jumanne na Alhamisi, akasema, na halipishwi mtu. Bure! Mwendo wa dakika tano kutoka meza yetu ya kukatia, na miezi yote ile hatukujua. Hata kibao mlangoni hawajaweka.

Kwenye benchi la kusubiri ameketi nani? Mwalimu.

Milimita akageuka aondoke. Nikamdaka shati.

"Mwalimu," akasema akitazama viatu vyake, "kitambaa chako nimekiharibu. Mikono yote nimekata ya kushoto. Nitakulipa, ila sijui lini."

Mwalimu alimtazama kwanza. "Fundi, mimi mwezi wa pili huu napita ng'ambo ya barabara nisikutane na wewe. Hela ya kumalizia koti sina. Kila siku naomba Mungu uwe hujalimaliza."

Wengine wangecheka. Mimi nilitamani kuwazaba kofi wote wawili. Watu wazima wanakimbiana, kila mmoja anakosa usingizi kwake, kwa aibu ya jambo ambalo lingekwisha kwa kusimama mlangoni na kusema. Mwalimu akasogea, akampisha nafasi benchini, wakakaa bega kwa bega.

Ndani kwa mshauri, Milimita alikaa karibu saa nzima. Hakunieleza yote, nami sikumchimba. Alitoka macho mekundu na maagizo mawili: arudi Alhamisi, na aende ofisi ya mkopo kwa miguu yake kabla hawajamfuata. Alikwenda. Walimpunguzia kiasi cha kila mwezi, wakamwongezea muda. Deni lipo palepale. Zipo asubuhi bado anaamka mzito, hajibu salamu, na mimi uvumilivu wangu si mwingi, nakiri. Ila vidonge ameacha, na Alhamisi hakosi.

Juzi kilikuja kitambaa kingine kidogo. Alikitandika mezani, akaweka karatasi, akashika mkasi, akasita. Miaka kumi na miwili tumekaa chumba kile, hajawahi kuniomba hata sindano.

"Dada," akasema, "hebu njoo uniangalizie kabla sijakata."