Fundi wa Naryn na Simu ya Mzee Asiyetajwa

Saa mbili asubuhi, mabati ya soko la Naryn, mji wa milimani Kirgizia, bado yana barafu, na Zyinat Asanbekova anachokonoa tundu la chaji kwa kijiti cha meno. Anachotoa si kutu. Ni manyoya ya kondoo, yameshindiliwa humo kama pamba kwenye mto.

"Simu yako haijafa, kaka," anamwambia mchungaji aliyesimama mbele ya kontena ambalo ndilo duka lake. "Imeshiba. Unailaza kwenye koti la ngozi msimu mzima, halafu unalalamika haichaji."

"Mwenzako kule mbele kaniambia ninunue mpya."

"Mwenzangu anauza mpya."

Mchungaji anacheka, analipa kidogo na kuondoka.

Zyinat, mwenye umri wa miaka 43, ndiye mwanamke pekee miongoni mwa mafundi simu wa safu hii. Zamani aliuza soksi na viatu vya manyoya katika kontena hili hili. Jirani yake, fundi, alipokwenda kutafuta kazi Urusi, alimwachia vifaa amtunzie. Hakurudi, na Zyinat hakuweza kuvitazama tu. Alianza kwa kufungua simu yake mwenyewe, akaiua, akafungua nyingine.

Siku njema hupata som elfu moja na mia tano. Baridi ikikaza hadi watu wasitoke, hapati hata mia tatu, na kuni za jiko la kontena zinataka fedha hizo hizo.

Ushauri hautozi. Simu iliyozimika kwa baridi, anasema, usiichomeke chaji papo hapo. Iweke kwapani, kunywa chai yako, ipate joto la mwili polepole. "Usiiweke juu ya jiko. Kuna bwana mmoja aliioka hivyo, akaniletea kitu kimevimba kama mkate. Nikamwambia kaka, hii ni ya kuliwa, si ya kupigia."

Ikitumbukia kwenye maziwa au maji, izime, ifute, na usijaribu kuiwasha ili kuona kama imepona. Na kabla hajagusa simu ya mtu, humuuliza kwanza: ndani mna kitu ambacho hakipo mahali pengine? Kufuta kila kitu ni kazi ya dakika chache, ndiyo maana mafundi wengi wanaipenda.

Swali hilo ndilo lililomwingiza katika kisa cha Aisalkyn, mwezi uliopita.

Aisalkyn ni mama kijana kutoka kijiji cha juu ya mto. Alikuja na simu ya zamani, nusu ya kioo chake imekufa, haisikii kidole. Simu ilikuwa imezimika kwa baridi, na ilipowaka tena ikadai neno la siri.

"Mna kitu ndani?" Zyinat akamuuliza.

"Mna sauti. Nakuomba usiifute, dada."

"Neno la siri?"

Aisalkyn akavuta shali yake mpaka mdomoni.

"Hulijui?"

"Nalijua. Niliweka mimi mwenyewe."

"Basi sema niandike, maana nina njia ya kuandika bila kidole."

"Siwezi kusema."

Waliokuwa wakingoja wakaanza kutazamana. Zyinat ameshaletewa simu nyingi za wizi, na zote huja hivyo hivyo, zimefungwa, mwenye kuzileta hana maneno.

"Simu ni ya nani?"

"Ya mzee wa nyumbani kwetu."

"Anaitwa nani huyo mzee?"

Aisalkyn akainamisha kichwa, uso umemwiva. Zyinat akairudisha simu mezani mbele yake. "Siku hizi wezi wanavaa shali nzuri," alisema. "Polisi wako langoni, mdogo wangu. Kawaeleze hao."

Aisalkyn aliichukua simu na kugeuka. Hapo bibi mmoja aliyekuja kununua waya wa chaji akapiga fimbo yake sakafuni.

"Wewe Zyinat, umekaa na vyuma mpaka umesahau kuwa nawe u mke wa watu? Huyu ni mkamwana. Unataka amtaje baba mkwe wake sokoni?"

Kwa Wakirgizi wa milimani, mke hatamki jina la baba mkwe wake wala la wazee wa ukoo wa mumewe, wawe hai au wamekufa. Na neno la siri lilikuwa jina la mzee mwenyewe. Alimwambia mkamwana wake siku simu ilipokuwa mpya: weka jina langu, hilo sitalisahau. Mikono haikukatazwa, akaliandika. Sasa kioo hakisikii tena mikono yake.

"Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto," anakumbuka Zyinat. "Miaka ishirini nami simtaji wa kwangu. Ningewezaje kutomwelewa?"

Alimshika mkono, akamkalisha, akamtilia chai. Ndipo Aisalkyn akaeleza yaliyomo katika simu ile.

Mzee alikuwa amefariki, na arobaini yake ilikuwa imekaribia. Alikuwa wa mwisho kubaki hai kati ya ndugu zake. Kabla ya kuugua alirekodi mababu saba wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, ili mjukuu wake Bektur awajue, kwa sababu mtoto wa kiume asiyewajua saba wake huchekwa. Baba wa Bektur, aliye kwenye ujenzi Urusi, anafika wa nne tu. Mama mkwe anawajua wote, lakini naye aliolewa katika ukoo huo huo, hivyo hawezi kuwataja.

"Nyumbani tuko wanawake wawili," Aisalkyn alisema, "na hakuna wa kumfundisha."

Mama mkwe alikuwa ameshajaribu kuifungua, kioo kikimwandikia herufi asizozitaka. Zyinat akamkataza mtu yeyote kubahatisha tena, kwani simu nyingine zikikosewa mno hujifuta. Kisha akachomeka kipanya cha kompyuta kwenye tundu la chaji kwa kiunganishi kidogo. Mshale ukatokea kwenye kioo. Kidole kikikataliwa, mshale hupita.

"Andika mwenyewe," alimwambia. "Mimi natazama ukutani."

Na wote mle ndani wakatazama ukutani, hata bibi.

Simu ikafunguka. Sauti ya mzee ikatoka, nzito, yenye kikohozi, na Aisalkyn akasimama akainama, mikono magotini, kama alivyomsalimu kila asubuhi alipokuwa hai. Zyinat hakuweza kufanya kazi kwa muda. Baadaye alinakili sauti hiyo kwenye simu ya Aisalkyn na kwenye kadi ya kumbukumbu ya kuweka sandukuni.

Sasa ana mpango. Kabla watu hawajapanda malishoni kwa kiangazi, anataka kutenga Jumapili zake kwa wakamwana wa vijijini: waje na simu, ajifunze kila mmoja kurekodi wazee wake na kuhifadhi mahali pawili. "Nimechoka kuitwa baada ya msiba," anasema. "Nataka niitwe mzee akiwa bado anakunywa chai."

Tukiwa tunazungumza, Aisalkyn anaingia na bakuli la boorsok, maandazi ya huko, mwanawe amemshika pindo. Zyinat anamwita mtoto.

"Haya, bwana mdogo. Saba wako."

"Ulanbek," anaanza Bektur. "Sabatar. Kydyr. Moldosh."

Anakwama. Anamtazama mama yake. Aisalkyn analijua jina la tano. Amelisikia mara nyingi kuliko mtoto. Anabana midomo, anatoa simu kwenye koti na kuisogeza sikioni mwa mwanawe.

Babu anataja. Bektur anarudia, kisha anaendelea peke yake mpaka wa saba.