Vitambaa vya Yerusalemu

Dada yangu mkubwa, ambaye sote tulimwita Yaya, kama Wakongomani wanavyomwita dada mkubwa, alikuwa mkalimani wa kanisa letu la Wakongomani kule mtaa wa Jacobs. Mhubiri mgeni akija na Kiingereza chake, Yaya alisimama kando yake akakigeuza Kiswahili, na nadhani wengi walikuja kumsikiliza yeye. Siku za kazi tulisuka nywele pamoja saluni, mtaa wa Overport. Jioni yeye alikwenda darasa la watu wazima.

Mwaka huo walisoma hadithi ya zamani sana ya Waingereza. Alinisimulia ndani ya teksi, akicheka mpaka dereva akageuka. Kuna mhubiri anayezunguka akikemea tamaa, huku akiuza mifupa ya nguruwe kama mifupa ya watakatifu. Njiani anawaambia wasafiri wenzake waziwazi kwamba anahubiri ili ajaze mifuko. Kisha anawapa hadithi tamu ya marafiki watatu waliookota dhahabu wakauana kwa ajili yake. Akimaliza, anawageukia walewale: haya, nani ananunua?

"Amekwisha kuwaambia anadanganya, na bado anawauzia!" Yaya alisema. "Na hadithi yake iko nzuri. Hiyo ndiyo inanisumbua."

Wiki chache baadaye tukapata mhubiri mgeni. Jumamosi Yaya alimpeleka mjini. Huko mgeni akanunua jora la kitambaa cheupe, eti la mapazia. Jumapili alihubiri juu ya tamaa, vizuri ajabu. Yaya alitafsiri kwa moto, watu wakalia. Ndipo mgeni akafungua sanduku. Vitambaa vyeupe, vimekatwa vidogo vidogo. Alisema vimeombewa Yerusalemu. Mwenye mgonjwa aje na sadaka nono.

Hapo Yaya akaacha kutafsiri, akavitazama vile vitambaa.

Waliojua Kiingereza walikwisha kuinuka. Mbele yao alikuwa mama mmoja jirani yetu, ambaye mume wake alikuwa hoi kitandani. Alikuwa anavua pete yake ya ndoa.

"Tafsiri, dada," mhubiri alihimiza kwa Kiingereza.

Yaya alimshika yule mama mkono. "Mama, rudisha pete kidoleni," alisema kwa Kiswahili, polepole, maikrofoni ikiwa bado wazi. "Mahubiri yalikuwa ya kweli, yashikeni. Ila kitambaa hiki tulikinunua jana, mimi naye, hapa mjini. Mimi ndiye nilikibeba."

Watu walirudi vitini. Mgeni, asiyejua Kiswahili, alibaki akitabasamu, akamwuliza amesema nini. Yaya akamtafsiria, neno kwa neno.

Kesho yake aliomba ruhusa saluni, akamsindikiza yule mama na mume wake hospitali. Mimi nilisuka wateja wake.

Wazee wa kanisa walikasirika: amemwaibisha mgeni madhabahuni. Maikrofoni wakampa mtu mwingine. Yaya hakubishana, alihamia viti vya akina mama, akaimba kwa sauti ileile. Nilimwuliza kama haikumuuma.

"Iliniuma sana," alisema. "Niliipenda ile kazi."