Dobi Aliyeurudisha Msamaha

Alizaliwa mwezi wa Aprili, mwaka wa mvua nyingi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, binti wa pekee wa mama dobi. Majirani walimwita Pasi, kwa kuwa alijua kunyoosha nguo kabla hajajua kusoma. Ulevi ulimwingia taratibu, kama unyevu unavyopanda ukutani: kwanza Jumamosi, kisha kila jioni, mwishowe asubuhi kabla ya kuwasha mkaa, ili mikono iache kutetemeka.

Akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, aliacha pasi ya moto juu ya rundo la nguo, akalala. Moto ulipowaka, mama yake alimtoa nje kwanza, kisha akarudi kuokoa nguo za watu. Mkono wa kulia wa mama uliungua, vidole vikajikunja, visinyooke tena. Tangu siku ile Pasi aliacha pombe. Wengi humsifu kwa hilo, nasi twamsifu. Lakini jaribu lake kubwa lilikuwa bado mbele.

Ajuaye kazi ya dobi anajua kwamba shuka zito hukamuliwa na watu wawili, kila mmoja akisokota upande wake. Pasi alikataa msaidizi. Alifunga ncha moja kwenye nguzo ya uani, akasokota peke yake mpaka viganja vikapasuka. Mama aliposogea alimzuia: "Pumzika, mama. Nimeshakuumiza vya kutosha." Kanisani alikaa karibu na mlango, na wakati wa komunyo hakuinuka. Kinyozi wa jirani alimtania, "Shangazi, umeolewa na nguzo?" Akajibu, "Mume asiyelewa ni adimu, mwanangu." Watu wakacheka, naye akarudi kwenye karai lake. Alikula akiwa amewapa watu mgongo. Miaka ikapita hivyo.

Mchana mmoja wa Kwaresima mama alikwenda nguzoni, akafungua fundo kwa meno, akajizungushia ncha ya shuka kwenye kiwiko.

"Mama, acha," Pasi alisema.

"Nilikusamehe siku ileile, moshi haujaisha. Wewe kila siku unanirudishia msamaha wangu kama nguo isiyotakata. Mimi ni dobi, mwanangu. Nguo iliyotakata naijua. Sokota."

Pasi akasokota. Jumapili iliyofuata aliinuka kwenda kupokea.

Mama alipofariki, Pasi alikunywa tena, wiki ileile ya maziko. Hapo ndipo utakatifu wake ulipoonekana. Asubuhi alinawa uso, akaenda kuungama, akarudi kuloweka nguo. Alifunga tena shuka nguzoni, na kinyozi alipomtazama kwa huzuni, alisema: "Usihofu. Zamani nilifunga kwa sababu sikumtaka mtu. Leo nafunga kwa sababu sina mtu." Kinyozi akaweka mkasi chini, akashika ncha.

Baadaye walevi wa mtaa walianza kuja kumshikia shuka. Inakumbukwa kwamba waliofika wakitetemeka waliondoka mikono imetulia. Wengine husema ni muujiza, wengine ni kazi nzito. Padre alikataa kuwaamulia. Pasi alifariki peke yake, mchana, ameketi uani, nguo za watu zikiwa zimekunjwa.

Nasi tumwige. Aliyesamehewa asijifanye hakimu mkali kuliko Mungu. Akianguka, anawe uso, aloweke nguo.