Timu ya Taifa ya Mchangani

Nina mdomo. Bariadi wanaonijua wanalijua hilo, na wateja wangu wengine nadhani huja kula ili wasikie siku hiyo nitamsema nani. Kwa hiyo ninapoandika haya sijifanyi mtu mpole aliyeponyokwa na neno. Neno nililitafuta mwenyewe, nikalipata, nikamtwisha mdogo wangu.

Mgahawa wangu uko kando ya barabara yanakopita malori ya pamba. Msimu ukifunguliwa, madereva, makuli na makarani wa mizani wanajaa tangu asubuhi. Nauza ugali kwa sato wa Lamadi, maziwa mgando, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa wale wanaokumbuka kwao. Kwetu ni Meatu, upande wa Lingeka, ambako kiangazi mto haubaki na maji hata ya kunawa uso. Unabaki mchanga mtupu, na ng'ombe wananyweshwa kwenye visima vinavyochimbwa katikati ya mto. Ukisubiri zamu ya ng'ombe wako una mchanga wa kuchezea mpaka uchoke.

Mdogo wangu hakuwa anachoka. Yeye ni kitinda mimba, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama akiwa shambani. Kwenye mchanga mpira hauviringiki, unazama. Akajifunza kuuchota kwa vidole vya mguu, uruke, aupige kabla haujarudi chini. Akitaka kupiga tikitaka, ile ya kujirusha mgongo chini miguu juu, alihitaji mtu wa kumrushia, na mtu huyo nilikuwa mimi. "Dada, nirushie!" Namrushia huku namtukana, namwambia akivunjika shingo nitamwambia nini mayu. Mayu ndiye mama yetu, kwa Kisukuma.

Alikua, akaenda Dar es Salaam kufanya kazi ya ulinzi, na siku zake za mapumziko akawa anacheza na vijana wa huko baharini. Siku moja alinipigia simu nikiwa nasonga ugali.

"Shikamoo, dada. Nimeitwa timu ya taifa."

Nilipiga vigelegele mpaka mwiko ukaanguka. Ndipo akaongeza, "Timu ya taifa ya soka la ufukweni."

Nikamuuliza ufukweni ndiko wapi. Akasema, "Kwenye mchanga, dada. Kama mtoni kwetu. Tunacheza watano watano, pekupeku." Mimi ufukwe niliokuwa naujua ni wa Lamadi, wanakoanika dagaa, nikamwambia waangalie wasije wakakanyaga mboga za watu. Alicheka sana. Naieleza simu hiyo yote kusudi, nisije nikajitetea hapo mbele kwamba sikuelewa. Nilielewa vizuri kabisa.

Lakini nilipotoka jikoni kuwaambia wateja, lile neno la mwisho nililimeza. Nikasema mdogo wangu kaitwa timu ya taifa, basi. Kulikuwa na karani mmoja wa pamba, mpenzi wa mpira wa kutisha, anayekula kwangu kila siku. Akasimama akanipa mkono kwa heshima ambayo hakuwahi kunipa. Tangu siku hiyo akawa ananiita Dada Taifa. Wengine wakafuata. Haikupita muda nikamwita mchora mabango, nikamwambia aandike ukutani kwa rangi nyekundu, DADA TAIFA, na pembeni achore mpira.

Walikuwa wakiniuliza anacheza wapi uwanjani. "Mbele," nasema, na ni kweli. Mbona hatumsikii kwenye kikosi? "Yuko kambini," na ni kweli. Uongo wa namna hiyo ni mtamu, maana kila kipande chake ukikipima kina ukweli. Na mimi nilizoea haraka. Nilianza hata kukaa kwenye vikao vya mtaa mstari wa mbele bila kukaribishwa.

Timu ilifuzu kwenda mashindano ya Afrika, huko nje. Mdogo wangu akanipigia kuniambia mechi itaonyeshwa, na saa ngapi, na chaneli gani. Akasema, "Mwite mayu aje aone. Mwambie akae karibu." Hapo ningeweza kuliweka sawa. Nilikuwa na siku nne nzima za kumwambia karani, sikiliza baba, hii timu ya taifa ni ile ya ufukweni. Kila nikimwona akija nasema nitamwambia akishakula. Akishakula, nasema nitamwambia kesho.

Mama alikuja kwa basi la asubuhi kutoka Mwanhuzi, mjini kwetu Meatu, amevaa kitenge chake cha kanisani. Nilimweka kwenye kiti cha mbele kabisa, hatua mbili tu kutoka kwenye runinga. Mgahawa ulijaa mpaka mlangoni. Karani alikuja amevaa jezi, tena na wenzake ambao sikuwa nawajua, akawaambia, "Huyu ndiye Dada Taifa mwenyewe, na yule pale ndiye mama mzazi." Watu wakamwamkia mama kwa zamu. "Mwadila, mayu." Anaitikia, anatabasamu, hajawahi kuamkiwa na watu wengi hivyo.

Nikawasha. Picha ikaja ya mchanga, mchanga mweupe, na kwa mbali bahari ya hiyo nchi ya watu. Wachezaji watano kila upande, hawana viatu. Wimbo wetu wa taifa ukapigwa, na mdogo wangu alikuwa wa tatu kwenye mstari, ameweka mkono kifuani. Mama akamwonyesha kwa kidole, akasema kwa Kisukuma kwamba amekonda.

Nyuma yangu karani akasema, taratibu, kama mtu anayeuliza bei, "Sasa hii si mchangani?"

Asiyejua aelewe uzito wa neno hilo. Mpira wa mchangani kwetu ni ule wa mtaani, wa kombe la mbuzi, refa amekunywa na magoli ni mawe mawili. Ukitaka kumdharau mchezaji wa aina yoyote mwambie ni wa mchangani. Kicheko kilianzia mlangoni kikaja mbele. "Timu ya taifa ya mchangani!" "Hata viatu serikali imewanyima!" Mmoja akapaza sauti, "Dada Mchangani, leta chai!" Na kule kwenye runinga tulikuwa tumeanza kufungwa, moja, ya pili, mipira inatoka mchangani inapaa kama kumbikumbi, na kila goli likiingia watu wangu wanashangilia.

Mama hakuwa anaelewa wanacheka nini. Kiswahili anakisikia kidogo, cha sokoni. Aliendelea kutazama, mikono magotini.

Nataka niseme ukweli wote: sikumwonea aibu mdogo wangu kwa sababu anafungwa. Nilijionea huruma mimi, na ule ukuta wangu wenye rangi nyekundu. Nikasimama mbele ya watu, nikacheka kuliko wao, nikasema, "Jamani, hata mimi ndiyo naona leo! Amenidanganya huyu. Aliniambia timu ya taifa, kumbe ni mchangani. Mwongo mkubwa!"

Ikawa kama nimemwaga maji kwenye moto. "Pole, dada," wakasema. "Vijana wa Dar ndivyo walivyo." Karani akatikisa kichwa akasema, "Tuwekee mpira wa kweli basi." Rimoti ilikuwa mkononi mwangu. Hakuna aliyeninyang'anya. Nilibadilisha chaneli mwenyewe, kipindi cha tatu, ambacho kwenye soka la ufukweni ndicho cha mwisho, kikiwa ndiyo kinaanza.

Mama akageuka. "Wamemaliza?"

"Wamemaliza, mayu."

Akainuka, akanishukuru, wabeja, wabeja, na akaanza kukusanya vyombo vya watu kunisaidia. Jioni hiyo alinisimulia mara mbili jinsi mtoto wake alivyoweka mkono kifuani.

Timu ilitolewa kwenye makundi, ikarudi. Mwezi haujaisha, mdogo wangu akaja Bariadi na begi lake. Niliona kivuli chake mlangoni, na karani alikuwa mezani na samaki wake.

"Shikamoo, dada," akasema.

Sijaitikia vizuri, karani akaruka. "Ahaa! Mwongo wa taifa huyo! Wewe kijana, unamdanganyaje dada yako? Ameandika mpaka ukutani! Anatuambia timu ya taifa, kumbe unacheza mchangani, mpaka yeye mwenyewe akashangaa siku ile."

Mdogo wangu alimtazama karani. Akautazama ukuta. Kisha akanitazama mimi, siyo kwa muda mrefu, na mimi nikainamia sufuria ambayo haikuwa na kitu. Nilikuwa na nafasi tena. Ilikuwa ni kufungua tu mdomo huu ambao hausubiri kuombwa siku nyingine.

"Ni kweli, kaka," akasema. "Nilimdanganya. Sikumwambia ni ya ufukweni. Dada hana kosa."

Akavuta kiti akakaa, akaomba maziwa. Karani akaridhika, akamsogezea hata sukari. Mimi nilileta maziwa nikaingia jikoni, nikaosha sahani zilizokwisha kuoshwa.

Kesho yake tulikwenda kwa mama. Njiani nilisubiri mdogo wangu aniulize. Hakuuliza. Alinisimulia habari za timu, na nilisikiliza kwa mara ya kwanza. Kwamba ukanda huu wa kwetu wanatuheshimu. Kwamba Afrika tumefika zaidi ya mara moja, tunafuzu kisha tunaishia makundini, na Kombe la Dunia bado hatujaligusa. Kwamba Senegal ndio wababe, watoto wao wanaanzia mchangani kabla ya kujua kusoma. Aliyataja matokeo ya nyuma moja moja, hata ya kabla hajaitwa, kama mtu anayetaja ng'ombe wa baba yake kwa rangi. Mechi tulizofungwa hakuziruka. Nilikaa kando yake naye ananieleza mimi, mtu aliyehamisha chaneli.

Nyumbani alimpa mama jezi yake. Mama akaivaa juu ya gauni. Mchana tukashuka wote mtoni na ng'ombe, na wakati wanakunywa mdogo wangu akavua viatu, akakanyaga mchanga, akasema, "Mayu, goli langu uliliona?"

"Goli gani, ng'wanone, mwanangu?"

"Lile la kipindi cha tatu. La tikitaka."

Mama akakunja uso. "Lakini dada yako alisema wamema..." Akanitazama. Mama yangu hajui kusoma, ila mimi ananisoma tangu nazaliwa. Nilimwona akilikusanya jambo lote, kipande kwa kipande, vile vicheko, ile rimoti, ule usemi wangu wa haraka.

"Nililiona," akamwambia mwanawe. "Nililiona, ng'wanone. Uliruka juu." Kisha akaondoka kwenda kuwageuza ng'ombe ambao walikuwa wametulia.

Baadaye nimelitafuta goli hilo kwenye simu, siku nyingi. Yapo ya Senegal, yapo ya Misri. Letu hakuna aliyeliweka. Rimoti ilikuwa mkononi mwangu na goli likapita upande wa pili wa kidole changu, ndiyo basi. Ukuta nimeupaka chokaa, lakini rangi nyekundu ni sugu, mvua ikinyesha herufi zinatokea tena. Karani bado anakula kwangu, na mpaka leo anaamini kuwa mdogo wangu ni mwongo. Sijamwambia. Ninayaandika haya kwa sababu kuandika ni rahisi kuliko kumwambia karani.

Lakini pale mtoni, mama akiwa ameondoka, mdogo wangu alikuwa bado ana furaha. Alitoa mpira kwenye begi, akanirushia kifuani, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Dada, nirushie. Nikuonyeshe lilivyokuwa."

Nikamrushia. Akajirusha, mgongo chini miguu juu, akaupiga, ukaenda mbali upande wa ng'ombe. Alianguka mchangani akainuka anacheka, mchanga umejaa kwenye nywele zake kama zamani.

"Nilipofunga nilikimbilia kamera," akasema. "Wenzangu wananivuta, mimi nakupungia wewe. Nilijua umekaa pale na watu wako unaringa. Uliniona?"

Karani hakuwepo. Hapakuwa na mtu wa kunicheka, wala ukuta.

"Nilikuona," nikasema.

"Ukanipungia?"

Niliinua mkono nikamwonyesha jinsi nilivyompungia.