Nilimwambia Ngurumo Ile Ni Joka

Kosa ni langu, msinitafutie udhuru. Watu wa kwetu husema Faki alipitiwa, wengine husema ndiyo kadari yake. Mimi ndiye niliyemdanganya, na hadi leo hajui.

Faki ni rafiki yangu tangu chuoni, tulipokuwa tukisoma juzuu pamoja. Mimi nilijifunza kwenye simu mchezo wa hadithi: mmoja anasimulia, wenziwe kila mtu anajivika mhusika wake, na dadu linaamua nani apone na nani afe. Hadithi yangu ilihusu Yakuti ya Alfajiri, jiwe lililopotea, na tangu lipotee jua halichomozi katika nchi ile. Faki alikuwa mchukuzi mwenye pakacha mgongoni. Jamani, alivyompenda mchukuzi yule!

Tulikuwa wanne, tukicheza bandani kwetu, mlango na dirisha tumefunga. Wazee wangeliona dadu tu, wangesema tunacheza kamari.

Msimu ule wa karafuu Faki alikuwa ameposa binti wa kijiji cha Shumba. Baba wa binti alimpa muda hadi mavuno yaishe awe amepeleka mahari, na mahari yenyewe ilikuwa juu ya mikarafuu aliyoachiwa na marehemu babake. Alichuma mwenyewe, akachambua na mamake, Bi Mize, wakaanika uani kwao. Zilibakia kidogo tu zikauke. Siku hiyo Bi Mize alikwenda hitimani, akamuusia, "Faki mwanangu, chunga wingu. Hizi zikirowa, basi tena."

Mimi ndiye niliyemfuata. Nilimwambia njoo mara moja tu, leo tunaingia pango la joka.

Tulipofika penyewe, joka limeshaamka, ikapiga ngurumo nje. Niliisikia vizuri. Faki akainua kichwa.

"Yakhe, mvua hiyo?"

Nilikuwa na debe tupu nililokuwa nikilipiga kutia sauti hadithini. Nikaliangushia ngumi. "Mvua ya wapi? Joka hilo languruma. Haya, tupa dadu."

Akacheka, akatupa. Wallahi nilidhani mvua itapita mbali, na utamu wa hadithi ulikuwa umenipanda kichwani. Paa letu la makuti halikutuambia kitu, mpaka maji yalipoanza kuingia chini ya mlango.

Alitoka mbio, nami nyuma yake. Nilimkuta amepiga magoti juu ya jamvi, anazoa karafuu kwa mikono miwili na maji yanamnyang'anya. Siku zilizofuata jua halikutoka. Zikavimba, zikapauka, zikawa mpeta, karafuu mbovu zisizo na bei, na kwa mpeta huoi.

Bi Mize alipomuuliza alijibu, "Sikusikia, mama. Nisamehe." Nilikuwa nimesimama pale pale.

Binti aliozwa mtu mwengine. Mchezo ulikufa, hakuna aliyeutaja tena. Faki akaamua kwenda Bara kutafuta maisha, nami nikamsindikiza bandari ya Mkoani kupanda meli. Karibu na geti aligeuka akaniuliza, "Ile yakuti, yakhe, ilikuwa wapi hasa?"

Nilimwambia tutamaliza akirudi. Hajarudi.

Ilikuwa kwenye pakacha la mchukuzi wake. Nilimshonea humo, chini kabisa, tangu siku ya kwanza ya hadithi, na kila alipokwenda alikuwa nayo. Nilikuwa naisubiri siku ya kumwambia, nimwone anavyofurahi. Pangoni kwa joka hamkuwa na kitu.

Najua mtasema niandike ujumbe nimweleze. Nimeuandika mara nyingi, nikaufuta. Naogopa atanisamehe, na msamaha wake utaniua zaidi ya matusi.

Vijana wenzangu, mchezo hauna ubaya, na dadu halikunituma. Kilichomnyima Faki mke ni neno langu moja, nililolisema huku nikicheka. Mwenzio akikuuliza kama ni mvua, mfungulie dirisha.