Mjusi wa Soma Hapo na Maua ya Mama Mkwe

Alikuwa mpima macho, na kwa kuwa kutwa nzima alisimama kando ya bango la herufi, fimbo mkononi, akisema "Soma hapo," watu walimwita Soma Hapo. Hata mkewe, aliyepokea wateja na kufuta miwani mezani, alimwita hivyo wakikosana.

Siku moja alikuja bibi mmoja. Akakalishwa, akafunikwa jicho la kushoto.

"Soma hapo."

"E," bibi akasema. "F. P. Mjusi."

Soma Hapo akabadilisha lenzi. "Na sasa?"

"Sasa namwona vizuri zaidi. Ananitazama."

Akaweka lenzi nyingine, nene kama kitako cha chupa. Bibi akainuka kwa hasira. "Mwanangu, mimi macho ninayo. Wewe je?"

Ndipo Soma Hapo alipogeuka. Kwenye mstari wa tatu, juu ya T, mjusi mnene alikuwa amejibandika, vidole kavitanua.

Mwingine angechukua ufagio. Yeye alicheka hadi akakaa sakafuni, na tangu hapo mjusi akawa wake. Alitoa fremu zote za miwani kwenye kabati dogo la kioo, akatoboa juu na kuweka wavu, akamtia humo. Lakini mjusi alijikunyata pembeni, rangi imempauka, kama mgeni aliyeambiwa asubiri kidogo kisha akasahauliwa.

"Huyo anataka majani," mkewe akasema. "Hata wewe nikikufungia kwenye kioo kitupu utanuna."

Soma Hapo akaenda kwa daktari wa mifugo.

"Anacheua?" daktari akauliza bila kuinua kichwa.

"Ni mjusi."

Daktari alicheka, akajifuta machozi, kisha akaeleza bila mzaha. Mjusi hali majani, lakini hulamba matone ya maji juu ya majani, na wadudu anaowala huyatafuna majani hayohayo. Mmea wenye utomvu mkali, au uliopuliziwa dawa, sumu yake itamfikia kwa mlango wa uani. Miiba isiwepo. Achague mimea isiyo na sumu, inayopenda kivuli na unyevu.

Ilikuwa rahisi, mpaka mama mkwe aliposikia.

Mama mkwe alikuwa bingwa wa maua. Aliyapanda kwenye makopo, masufuria yaliyotoboka, hata kwenye kiatu kimoja cha marehemu mumewe. Kusikia mkwewe anataka mimea, furaha ilimpanda kichwani, na juu ya kichwa hichohicho akabeba zawadi. Kwanza alileta mti wa miiba unaotoa maziwa meupe ukiukwaruza. Kisha kichaka cha maua ya rangi ya waridi ambacho hata mbuzi hukikwepa. Mwisho akaleta fahari ya sebule yake: mmea wa majani mapana yenye madoa, kama uliomwagikiwa na mtindi.

Soma Hapo alimuuliza daktari, akaambiwa yote matatu ni hatari. Lakini nani amwambie mama mkwe hapana? Mbele yake hata kukohoa aliomba ruhusa. Akasema, "Ahsante sana, mama," akayapanga nje ya mlango.

"Mbona mjusi bado yuko uchi?" mama mkwe akauliza aliporudi.

"Maua yanazoea hewa, mama."

Akarudi tena. "Bado yanazoea?"

"Hewa ya huku nzito, mama."

Safari iliyofuata hakuuliza. Aliung'oa ule mmea wa madoa na udongo wake, akafungua kabati, akaanza kuchimba. Soma Hapo akaruka.

"Mama, samahani, hilo lina sumu!"

Miwani ikamponyoka mkewe. Mama mkwe akageuka polepole.

"Sumu? Ua nililolilea mwenyewe? Ninalolifuta vumbi kama mtoto?" Akakata kipande cha jani, akakitia kinywani na kutafuna. "Haya. Nimekufa?"

Hakufa. Lakini midomo ilianza kufura, na ulimi ukajaa kinywa kama mto kwenye foronya ndogo.

"Halina thumu," akasisitiza huku mate yakimtoka. "Lina pilipili tu."

Wakamsukutua kinywa na kumkimbiza zahanati. Nesi alipouliza amekula nini, mama mkwe akamnyooshea kidole mkwewe. Nesi akampa kitu baridi cha kumung'unya, akamwangalia kwa muda, akasema hatari imepita ila asizungumze hadi uvimbe upungue.

Waliporudi, chumba cha kupimia macho hakikuwahi kutulia hivyo. Mume na mke waliogopa kutazamana wasije wakacheka. Mwishowe mama mkwe akadai fimbo kwa ishara, akaliendea bango la herufi, akagonga kwa nguvu: P, O, L, E. Kisha akaelekeza fimbo kwa mjusi.

"Na mimi je, mama?" Soma Hapo akauliza.

Akalitazama bango juu hadi chini, akarudisha fimbo.

Ulimi ulipopona, alikuwa mkali kuliko daktari wa mifugo. Alitafuta mimea mitatu: mmea wa kangaga wenye majani kama manyoya, mwingine wa majani membamba yenye mistari unaoning'iniza watoto wake, na wa tatu mfupi wa majani manene, laini. Kuhusu kila mmea alimuuliza daktari kwanza. Akaosha jani moja moja, akakung'uta udongo wa dukani wenye mbolea, akaiweka kibarazani wiki kadhaa ili dawa yoyote iishe. Kisha akaipanda kabatini, kokoto chini, udongo safi juu.

Mimea ya kwanza ilioza kwa kunyweshwa mapenzi kupita kiasi.

"Mama, maji yanatosha," Soma Hapo akathubutu.

"Toka hapo," akajibiwa, ila kopo likawekwa chini. Safari ya pili mimea ilishika.

Asubuhi moja mkwe na mama mkwe walisimama bega kwa bega mbele ya kioo. Mjusi, rangi imemrudia, alitoka chini ya kangaga, akalamba tone, kisha akatoa ulimi wote na kujifuta jicho.

"Marehemu baba mkwe wako alikuwa hivyohivyo," mama mkwe akasema. "Akipenda chakula, ulimi unakaribia kufika jichoni."

Soma Hapo akaangua kicheko, kwa mara ya kwanza mbele ya mama mkwe wake, na hakuomba ruhusa.